Ofisi iko Masaki, nakaa Kibamba: niombe nyongeza ya mshahara, nihame, au niombe kufanyia kazi nyumbani?

NuruWaKibamba:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa walioko kwenye kazi za programu na mifumo hapa Dar, hasa mnaokaa mbali na ofisi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, naandika programu za upande wa seva kwenye kampuni ndogo inayounganisha malipo ya simu na maduka. Mteja akilipa kwa simu dukani, ombi lake linapita kwetu kabla muuzaji hajapata ujumbe kwamba pesa imeingia. Kazi naipenda, nalisema hili mapema ili msiniambie niache. Nikimwona mama wa duka la vipodozi Kariakoo anafunga hesabu ya siku kwenye simu yake bila kugusa daftari, najua kuna kazi ya mikono yangu mle ndani, na inanipa nguvu.

Tatizo ni barabara. Tulizoea kwenda ofisini siku mbili kwa wiki. Uongozi mpya umesema siku nne, na saa 2 kamili asubuhi uwe umeshakaa kwenye kiti. Ofisi iko Masaki. Mimi nakaa Kibamba, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro: chumba, sebule na jiko kwa laki na nusu kwa mwezi, mita ya umeme ya LUKU yangu mwenyewe, maji ya kisima. Naishi na mdogo wangu wa kiume, yuko kidato cha tatu shule ya hukuhuku.

Saa 10 na nusu alfajiri nimeshaamka, saa 11 niko barabarani. Boda mpaka kituoni, daladala mpaka Kimara, pale napanga foleni ya mabasi ya mwendokasi, nashuka Magomeni nabadilisha gari la Morocco, halafu bajaji ya kuchangia mpaka Masaki. Siku nzuri ni saa mbili. Siku mbaya ni saa tatu. Laptopu ya kampuni naifunga kwenye khanga, naiweka ndani ya mfuko wa sokoni, juu yake chombo cha chakula cha mchana, maana saa 11 kituoni bado ni giza na begi la laptopu linajulikana kwa mbali. Jioni ni safari hiyohiyo kinyumenyume. Nikifika nyumbani ni saa 2 usiku, na dogo ananisubiri na daftari la hesabu mkononi.

Juu ya hapo, kila mwezi nina wiki moja ya zamu ya dharura. Mfumo ukigoma usiku, simu inaita, naamka, nawasha laptopu hapohapo kitandani na kutafuta hitilafu. Saa 8 usiku narekebisha malipo ya nchi nzima nikiwa Kibamba, na saa 11 naianza safari ya kwenda kukaa kwenye kiti Masaki.

Kuhusu pesa, niseme wazi ili mnishauri vizuri. Mshahara ni 1,600,000 kabla ya makato. Ikitoka NSSF ya pensheni, kodi ya PAYE na marejesho ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, napokea 940,000. Nauli peke yake haipungui laki na ishirini kwa mwezi.

Nimefikiria kumwomba meneja aniongezee laki mbili ili nipange Mikocheni. Je, niende na hilo? Au niombe kufanyia kazi nyumbani moja kwa moja? Kuna rafiki yangu ananiambia nitafute kampuni ya nje nisitoke ndani kabisa. Nyinyi mliopita njia hii mlifanyaje?


KakaMwananyamala:

Pole sana dada. Mikocheni achana nayo, pale unalipia jina la mtaa. Njoo Mwananyamala au Kinondoni. Chumba na sebule, choo ndani, unapata kwa laki mbili na nusu mpaka tatu ukitembea mwenyewe kwa miguu na kuongea na wenye nyumba. Ukimpitia dalali jua kodi ya mwezi mmoja ni yake, na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. Kwa hiyo nyumba ya laki tatu ujiandae na milioni mbili na laki moja kabla hujahamisha hata ndoo.

Angalizo moja: usishawishike na nyumba za bei poa upande wa bonde la Mkwajuni. Wanaokumbuka Desemba 2015 wanajua nyumba za mabondeni zilivyobomolewa pale, na mvua ikikolea maji hayajasahau njia yake. Panga upande wa juu.

Kutoka Mwananyamala mpaka Masaki asubuhi ni nusu saa hivi kwa bajaji au daladala. Mimi nafanya usanifu wa kurasa za programu za simu, ofisi yangu iko Msasani, na saa 1 na nusu asubuhi ndio kwanza nakunywa chai kwangu.


MzeeWaZamu:

Nuru, nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako nimelisikia kwa vijana wengi niliowaongoza, na wengi wao wanaanzia hapo ulipoanzia wewe, yaani kuomba pesa. Niko kwenye kazi ya mifumo tangu kabla kebo ya intaneti ya baharini ya SEACOM haijafika Dar mwaka 2009, wakati ofisi nzima tunagombania mstari mmoja wa setilaiti. Mengi yamebadilika, ila hili la barabara na mshahara bado vijana hawafundishwi.

Hebu tuzifanyie hesabu hizo laki mbili. Ukiongezewa 200,000 juu ya mshahara wako, NSSF inachukua asilimia 10, yaani 20,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 30,000. Ikishatoka NSSF inabaki 180,000, na yote iko kwenye daraja la juu la PAYE kwa sababu umeshavuka milioni moja, kwa hiyo asilimia 30 inaondoka, 54,000. Jumla 104,000 imekwenda. Utashika 96,000. Hiyo haifikishi hata tofauti ya kodi kati ya Kibamba na Mwananyamala, sembuse Mikocheni. Ili ushike laki mbili kamili mwajiri inabidi akuongezee zaidi ya laki nne, na juu yake na yeye anachangia NSSF asilimia 10 yake. Mtakaa mezani mkibishania pesa ambayo zaidi ya nusu haifiki mkononi mwako.

Saa hazikatwi kodi. Ukipewa saa mbili za siku yako, unazipata zote mbili. Kwa hiyo mimi ningekwenda kwa meneja kuomba saa, na pesa ningeiomba kwa sura nyingine nitakayokueleza chini.

La kwanza la kuomba ni wiki ya zamu. Hapa una hoja nzito kuliko unavyodhani, na umeiandika mwenyewe bila kuisisitiza. Kampuni imeshakubali kwamba saa 8 usiku, wakati wa shida kubwa kuliko zote, mfumo wao unaweza kuokolewa na mtu aliyeko Kibamba. Kama wanakuamini saa 8 usiku hawawezi kusema hawakuamini saa 4 asubuhi. Tena wiki hiyo ndiyo hatari wewe kuwa barabarani. Mfumo ukigoma saa 12 na nusu asubuhi nawe umesimama ndani ya mwendokasi, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umekumbatia mfuko wa sokoni, nani anaurekebisha? Mweleze meneja hivyo hivyo. Wiki ya zamu ni wiki ya nyumbani, kwa faida ya wateja. Hata mimi niliyekuwa mkali wa mahudhurio nilikubali hoja hiyo kwa timu yangu, na sijaifuta.

La pili, siku za ofisini zisihesabiwe kwa kiti cha saa 2. Kila siku asubuhi kwenye kampuni ya malipo kuna kazi ya kulinganisha miamala ya jana: kumbukumbu zenu kwa upande mmoja, taarifa za mitandao ya simu na benki kwa upande wa pili, kutafuta muamala ulioonekana huku na haukuonekana kule. Hiyo kazi inataka utulivu na haihitaji mtu wa pembeni. Ifanye nyumbani saa 1 mpaka saa 3 asubuhi, toka wakati foleni imelegea, fika ofisini saa 4 na nusu, kaa na wenzako mpaka saa 10 jioni, ondoka kabla foleni ya kurudi haijaanza. Utakuwa umefanya kazi siku nzima na umekwepa foleni zote mbili.

La tatu ni la kukuzuia. Usiombe kubaki nyumbani moja kwa moja. Nimeona watu wazuri sana wakipotea hivyo. Wakati wa kugawa kazi mpya, anayekumbukwa ni yule aliyekaa mezani wakati tatizo linachorwa ubaoni. Na kama una vijana chini yako, hao ndio wanaoumia zaidi. Kijana wa mafunzo kwa vitendo hajui aulize nini kwenye ujumbe wa simu. Akiwa amekaa pembeni yako anaona unavyosoma kumbukumbu za seva, unavyoanza na muda wa muamala kabla ya kitu kingine, na anajifunza bila kuuliza.

Sasa pingamizi atakalokupa: umeme na intaneti. Jiandae nalo kwa vitendo. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 watu wanaukumbuka. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lilianza kuzalisha Februari 2024 na mgao ule ukaisha, ila kukatika kwa sababu ya laini ya mtaa wenu bado kupo. Ruta nyingi za nyumbani zinatumia volti 12 na umeme mdogo sana, kwa hiyo kifaa kidogo cha betri cha kuwekea ruta kinaishikilia kwa saa kadhaa. Si kitu cha bei kubwa. Laptopu ina betri yake. Weka laini mbili za simu za mitandao tofauti, bando la dharura liwe ndani muda wote, na LUKU isishuke chini ya uniti kumi wiki ya zamu. Mwambie meneja hivyo kwa maandishi, aone umejipanga.

Akikuambia ofisini intaneti ni ya uhakika zaidi, mkumbushe kwa heshima tarehe 12 Mei 2024. Kebo za EASSy na SEACOM zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na Tanzania nzima intaneti ikazorota, Masaki na Kibamba sawasawa. Siku ile kilichosaidia timu yetu ni kwamba watu walikuwa wametawanyika kwenye mitandao tofauti, na mmoja wetu laini yake ilikuwa inapita njia nyingine. Kuwa na mtu nje ya jengo ni kinga kwa kampuni.

Kuhusu pesa: badala ya nyongeza, omba mkopo wa kodi ya nyumba. Kampuni ikulipie miezi sita kwa mkupuo, ikukate kidogokidogo kwa miezi sita. Mwajiri hapotezi shilingi, na wewe unavuka ule ukuta wa mkupuo alioueleza KakaMwananyamala. Kampuni nyingi ndogo zinakubali hili kuliko kupandisha mshahara, kwa sababu mshahara ukipanda haushuki.


WanjikuWaKitengela:

Hamjambo ndugu zangu wa Dar. Nachangia kutoka huku kwetu kwa sababu umetaja kazi ya kampuni ya nje.

Mimi niko Kitengela, nafanyia kampuni ya New York, kazi ya kupima programu kabla haijatolewa. Sijapanda matatu asubuhi kwa muda mrefu, na huo ukweli siufichi, ni baraka. Nairobi nayo ina foleni zake, na hata Expressway ilipofunguliwa 2022 ilimsaidia zaidi mwenye gari na pesa ya kulipia. Mvua ikinyesha nauli hupanda hapo hapo stejini.

Lakini dadangu, saa zao ndizo saa zako. Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 10 jioni huku. Namaliza saa 6 usiku. Ikifika Novemba wakirudisha saa zao nyuma, naanza saa 11 jioni na kumaliza saa 7 usiku, mpaka Machi. Watoto wakitoka shule ndio naingia kazini. Stima ikipotea usiku ni mimi na tochi, hakuna mwenzangu wa kumpigia simu. Na kwa mkataba wangu mimi si mwajiriwa, ni mtoa huduma: likizo hailipwi, ukiugua hulipwi, NSSF na SHA, yaani bima ya afya ya huku Kenya, unajilipia mwenyewe, na ushuru unajipeleka mwenyewe. Wakiamua kupunguza watu ni barua pepe moja.

Mimi naendelea nayo kwa sababu nina mume anayekaa na watoto jioni. Wewe una kijana wa kidato cha tatu anayekungoja na daftari la hesabu. Kama utatafuta kazi ya nje, tafuta ya Ulaya. Berlin wako nyuma yetu saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, hiyo mtu anaweza kuishi nayo. Na usiache kazi ya sasa kabla mkataba mwingine haujawekwa sahihi.


MamaMikataba:

Habari Nuru. Mimi niko upande wa rasilimali watu, nimeandika na kusoma mikataba ya ajira nyingi hapa mjini. Kabla hujaingia kwenye hicho kikao, toa mkataba wako kabatini uusome vitu viwili: mahali pa kazi na saa za kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi yanayotaja, pamoja na mengine, mahali pa kazi na saa za kazi. Likibadilika lolote kati ya hayo, anatakiwa ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Kama mkataba wako unataja ofisi ya Masaki tu, basi zile siku mbili za awali zilikuwa ruhusa ya uongozi, na uongozi mpya unaweza kuzibadili. Kama unataja mpangilio wa kuchanganya nyumbani na ofisini, au kuna barua pepe rasmi iliyouthibitisha, hapo una haki ya kushirikishwa. Sisemi uende na sheria mkononi kama fimbo. Nasema uijue nafasi yako kabla ya kukaa kwenye kiti.

La pili, hiyo zamu ya usiku. Sheria hiyohiyo inaweka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Kazi ya ziada inalipwa mara moja na nusu, na inatakiwa iwe kwa makubaliano. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kuna tofauti kwa walio kwenye nafasi za uongozi, lakini kwa maelezo yako wewe si mmoja wao. Je, wanakulipa unapoamshwa? Kama hawakulipi, usianze na madai. Anza kuandika: tarehe, saa simu ilipoita, saa ulipomaliza, tatizo lilikuwa nini. Daftari hilo ukiliweka mezani, ombi la MzeeWaZamu la kubaki nyumbani wiki ya zamu litaonekana dogo sana, na watakupa kwa moyo mweupe.

Muda wa safari wenyewe hauhesabiwi kama saa za kazi, hilo usilipiganie.


MjiKasoroBahari:

Nikuongezee uzoefu wa mbali zaidi yako. Mimi nakaa Morogoro, kazi iko Dar. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, napanda Morogoro asubuhi na mchana niko kikaoni mjini. Nauli ya kawaida ni 13,000 kwenda, na kurudi vilevile. Kwangu inafaa kwa sababu naitwa ofisini mara moja kwa wiki na nyumba ya huku ni nafuu, hewa safi, na Uluguru naiona nikiwa nimekaa mezani kwangu. Kwa siku nne kama zako isingewezekana, nauli ingemeza kodi ya Sinza. Nimeandika ili usishawishike na picha za watu wanaosema hamia Moro.


NuruWaKibamba:

Asanteni sana, nimesoma yote zaidi ya mara moja na mkataba nimeutoa kabatini. Unataja Masaki peke yake. Kwa hiyo MamaMikataba umenisaidia nisiende kudai kitu ambacho sina. Barua pepe ya mpangilio wa siku mbili ipo, ila imeandikwa "kwa sasa". Zamu silipwi, na daftari nimeanza.

MzeeWaZamu, hesabu ya laki mbili imenikaa. Nimerudia kuipiga na mshahara wa mwezi huu nikaona ni kweli. Na vijana wawili wa mafunzo kwa vitendo ninao, kwa hiyo hilo la kutobaki nyumbani moja kwa moja nimelielewa. Mmoja wao ana macho makali kuliko mimi, na juzi aliona muamala uliojirudia kabla yangu. Sitaki aachwe peke yake.

Kinachonikwamisha ni mdogo wangu. KakaMwananyamala, chumba cha huko nakitaka, lakini dogo yuko katikati ya kidato cha tatu, walimu wanamjua, na mwakani ni kidato cha nne. Kumhamisha shule sasa nitakuwa nimejipunguzia safari kwa gharama yake. Na kumfanya atoke Mwananyamala kwenda Kibamba kila siku ni kumrithisha tatizo langu. Mama alimkabidhi kwangu, sina nafasi ya kucheza na hilo.


MzeeWaZamu:

Basi usivuke mpaka mjini. Hamia Kimara.

Fikiria mwelekeo wa foleni. Asubuhi jiji lote linaelekea mjini. Dogo akitokea Kimara kwenda Kibamba anakwenda kinyume na msongamano, kwenye barabara iliyopanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara mpaka Kibaha. Daladala za kuelekea huko asubuhi zina viti. Yeye ataamka saa 11 na nusu na kufika shule kwa wakati. Wewe unaondoa boda na daladala ya kwanza, na unapanda mwendokasi pale pale inapoanzia. Kwa njia yako ya Kimara, Magomeni na Morocco, hupiti Jangwani, kwa hiyo siku maji yakijaa pale na Barabara ya Morogoro ikafungwa, wa Kivukoni na Gerezani watakwama ila wewe una uwezekano mkubwa wa kufika.

Kodi ya Kimara haitafika ya Mwananyamala. Ukipata ya laki mbili, mkupuo wa miezi sita na dalali ni milioni moja na laki nne, na mkopo wa kodi wa kiasi hicho meneja hawezi kushtuka. Ila Kimara ni vilima. Kabla hujatoa hela muulize jirani, usimuulize dalali, maji yanapanda mpaka pale juu siku zipi, na mvua ikinyesha boda zinafika mlangoni au zinaishia chini. Na simama chumba cha ndani kabisa ukiwa na simu mbili za mitandao tofauti, upime intaneti hapohapo. Kuna nyumba nzuri za bondeni hazishiki mtandao hata mmoja.


KakaMwananyamala:

Mzee umeona mbali. Naongezea: nenda kuitazama usiku pia, saa 2 hivi, uone taa za njia kutoka kituoni mpaka getini. Mwenye laptopu ya kampuni asitazame nyumba mchana tu.


NuruWaKibamba:

Kimara sikuwa nimeifikiria hata kidogo. Nilikuwa nahesabu umbali wangu mwenyewe, dogo nilikuwa namhesabu kama mzigo wa kuhamishwa. Nimemuuliza jioni hii, amesema yuko tayari kupanda daladala, na kwamba kuna wanafunzi wenzake wanaotokea Kimara Korogwe.

Kikao na meneja ni Jumatatu saa 5. Naomba vitu vitatu, kwa mpangilio huu: wiki ya zamu nyumbani, siku za ofisini niingie saa 4 na nusu, na mkopo wa kodi wa milioni moja na laki nne kwa makato ya miezi sita. Barua nimeiandika ukurasa mmoja, maelezo ya umeme na intaneti yako aya ya pili. Nyongeza ya mshahara nimeiondoa kabisa.

Jumamosi naenda kutazama nyumba Kimara na dogo, mchana na tena saa 2 usiku. Kama kuna anayekaa upande wa Kimara Mwisho au Korogwe na anajua nyumba ya chumba na sebule yenye LUKU ya kujitegemea, aniandikie ujumbe humu humu. Naweza kuhamia mwisho wa mwezi.